Fimbo ya Mbali

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii tumefundishwa tangu shule ya msingi, na aghalabu tunaitumia tunapomzungumzia jamaa aliye mjini wakati msiba uko kijijini. Mimi katika insha hii nataka kuitumia kuhakiki kitu ambacho wahakiki wetu hawajazoea kukigusa, nacho ni ile desturi ya kompyuta iliyo mahali pamoja kulifungua, kulisoma na kuliandika faili lililomo ndani ya kompyuta nyingine iliyo mbali, huku baina yao pana waya mwembamba au wimbi la redio linalopitisha biti moja moja, kwa mwendo wa kobe.

Najua yupo msomaji atakayesema kwamba uhakiki ni wa riwaya, ushairi na tamthilia, na kwamba mambo ya waya tuwaachie mafundi. Sikubaliani naye. Kila kilichobuniwa na mtu kina mtunzi wake, kina hadhira aliyoikusudia, na kina mambo ambayo mtunzi aliyachukulia kuwa kweli bila kuyasema. Tena riwaya mbaya ikikuchosha unaiweka kando. Mfumo mbaya wa mafaili hauwekeki kando na karani ambaye kazi yake ya kutwa nzima imo ndani yake. Dai langu ni moja: laini ya polepole inavumilika, kisichovumilika ni mfumo unaomwambia mtu wa Kibondo kwamba mbali ni karibu.

Nimechagua kazi moja iliyo mashuhuri ili uhakiki usiwe wa kurusha mawe gizani. Mwaka 1984 wahandisi wa kampuni ya Sun Microsystems huko California walibuni mfumo wa mafaili ya mtandao ujulikanao kwa kifupi kama NFS. Mwaka uliofuata Russel Sandberg na wenzake waliueleza mbele ya wataalamu wenzao, na mwezi Machi 1989 itifaki yake ilichapishwa katika waraka wa wazi uitwao RFC 1094. Ahadi yake ilikuwa tamu. Programu haihitaji kujua kama faili liko kwenye diski ya hapo mezani au kwenye seva, yaani ile kompyuta inayowatunzia wengine mafaili, iliyo chumba kingine. Amri ni zilezile, majina ni yaleyale, na umbali unafichwa nyuma ya pazia.

Ili msomaji asiyeijua kompyuta apate picha, na achukue mfano wa masjala ya ofisi ya serikali. Katika masjala ya kawaida ukitaka jalada, karani anaandika kwenye kitabu kwamba jalada fulani limechukuliwa na fulani, nawe unakwenda nalo mezani kwako. Karani wa NFS hana kitabu hicho, wala hamkumbuki mtu. Na jalada lenyewe halitoki. Unamtuma tarishi akaombe ukurasa wa kwanza, analeta nakala. Unamtuma tena akaombe wa pili. Kila safari tarishi hubeba karatasi yenye maelezo yote, kwamba ni jalada lipi, ukurasa upi, na anayeomba ni nani, kwa kuwa karani amekwisha kuisahau safari iliyopita.

Mhakiki mwadilifu huanza na sifa, na sifa hapa zipo. Usahaulifu huu ulikusudiwa. Seva ikizimika na kuwaka tena, hakuna kitabu cha kutafuta wala hesabu ya kusawazisha. Anayeomba anaendelea tu kuomba mpaka ajibiwe, na kazi inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa mtu aliyefanya kazi kwa umeme wa jenereta, ambao hukatika dizeli inapokwisha, hii ni hekima ya kweli. Na ndani ya jengo moja lenye waya wa Etheneti wa megabiti 10 kwa sekunde, tarishi huenda na kurudi ndani ya sehemu chache za elfu moja za sekunde. Safari zake mia hazimchoshi mtu. Kama ningekuwa nawaandikia wasomaji wa California wa mwaka 1985, ningeishia hapa kwa pongezi.

Lakini nahakiki nikiwa na macho ya Kibondo. Wilaya hii iko katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, mpakani na Burundi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kigoma mjini kwa kupitia Kasulu, kwa barabara ambayo kwa miaka mingi ilikuwa vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 haikupita kwetu. Kisha, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mwezi Oktoba 1993, wakimbizi walimiminika, na kadiri miaka ilivyokwenda zikawepo kambi za Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Karago na nyinginezo. Wilaya iliyojulikana kwa asali, maharage na mihogo ikajaa ofisi ambazo kazi yake kubwa ilikuwa kuhesabu: watu, magunia ya unga, mablanketi, dozi za chanjo. Kila hesabu ilitakiwa pia Kigoma, Dar es Salaam na Ulaya. Njia iliyotegemewa ilikuwa simu ya upepo.

Waliokaa huko wanaikumbuka sauti yake. Mwendeshaji aliketi na kitabu chake, akijua kwamba masafa ya mchana hayafai usiku, kwa kuwa tabaka la anga linaloyarudisha mawimbi duniani hubadilika jua likizama. Alisoma tarakimu moja moja, na mwenzake wa upande wa pili alizirudia moja moja. Kosa lilipoonekana alisema “narudia”, wakaanza mstari ule upya. Ilikuwa kazi ya polepole mno, lakini mwisho wake kila mmoja alijua kilichofika na kisichofika. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana ndilo kipimo changu.

Sasa tuipeleke NFS kwenye laini nyembamba. Modemu ya biti 9,600 kwa sekunde ilikuwa chombo cha heshima mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa kuwa kila baiti ya biti 8 husafiri na biti mbili za ziada, moja ya kuianza na moja ya kuimaliza, laini hiyo hupitisha baiti 960 kwa sekunde. NFS ya toleo la pili ilizoea kuomba ukurasa wa baiti 8,192 kwa mara moja. Gawanya, utaona kwamba ukurasa mmoja unahitaji zaidi ya sekunde 8 na nusu kufika. Lakini katika mashine nyingi za wakati ule mwombaji alipangiwa kusubiri sehemu 7 za kumi za sekunde tu kabla ya kuomba upya. Anaomba tena, kisha anangoja mara mbili ya muda ule, anaomba tena, anangoja mara mbili nyingine. Kabla ukurasa wa kwanza haujamaliza kuingia, ombi lilelile limekwisha kutumwa mara nne. Naye karani wetu msahaulifu, asiyejua kwamba anayeomba ni yuleyule, anatoa nakala nne. Ukurasa wa sekunde 8 na nusu unaishika laini kwa sekunde 34, na kurasa nyingine zinapanga foleni nyuma yake. Laini haikukatika, seva haikuzimika, na hakuna aliyezembea. Mfumo umejikaba koo wenyewe kwa sababu ulidhani kilichochelewa kimepotea.

Uharaka huo ungesameheka kama ungeleta uhakika. Haukuleta. NFS ya mwanzo ilisafirishwa kwa UDP, ambayo ni namna ya kupeleka mzigo bila kudai risiti. Na kwenye modemu wengi walitumia itifaki ya SLIP, ambayo waraka wake, RFC 1055 wa mwaka 1988, unakiri waziwazi kwamba haina njia ya kugundua makosa. Kifurushi kikubwa kabisa katika SLIP ya Berkeley kilikuwa cha baiti 1,006, kwa hiyo ukurasa mmoja wa NFS ulikatwa vipande 9. Kikipotea kimoja, vinane vilivyofika salama hutupwa, na vyote 9 huombwa upya. Baya zaidi ni kwamba mashine za Sun za enzi hizo zilitolewa zikiwa zimezimiwa ule ujumlisho wa UDP wa kukagua mzigo, ili ziende kasi, kwa kuwa Etheneti ina ukaguzi wake. Ndani ya jengo jambo hilo halikuwa na madhara makubwa. Kwenye laini ya simu yenye mikwaruzo, tarakimu 3 hutofautiana na 7 kwa biti moja tu, na biti hiyo ingeweza kugeuka na kusafiri njia nzima bila kukutana na mkaguzi hata mmoja.

Liko tatizo jingine ambalo ni la kimantiki zaidi. Kuomba kusoma mara mbili hakudhuru kitu, lakini kuomba kufuta mara mbili ni habari nyingine. Ombi la kwanza limefika, faili limefutwa, ila jibu limepotea njiani. Tarishi anarudi na ombi lilelile, karani anatazama rafuni na kusema hakuna faili kama hilo. Mtumiaji anaambiwa ameshindwa katika jambo ambalo amefaulu. Chet Juszczak alilieleza tatizo hili mwaka 1989, na dawa aliyoitoa ilikuwa kumpa karani daftari dogo la kukumbuka maombi ya karibuni. Yaani ilibidi ule usahaulifu uliosifiwa uanze kupunguzwa kidogo kidogo.

Hatimaye mwendeshaji wa mfumo hupewa njia mbili za kuliunganisha ghala la mbali na mashine yake. Njia ya kwanza ni ngumu: seva isipojibu, programu itangoja milele, na skrini itasema kwamba seva haijibu lakini majaribio yanaendelea. Njia ya pili ni laini: baada ya majaribio kadhaa programu huambiwa kwamba kuna kosa, na kwa kuwa ilitungwa kwa kuamini kwamba diski iko hapo mezani, mara nyingi haikuandaliwa kulipokea kosa la namna hiyo, huenda ikaendelea kana kwamba imeandika. Basi mtumiaji achague kuganda au kudanganywa. Mtu ambaye laini yake hukatika mara moja kwa mwaka anaweza kucheka. Ambaye laini yake hukatika kila mvua inaponyesha hawezi.

Msomaji asidhani nayasema haya kutoka vitabuni tu. Mwaka 2003 nilifanya kazi na ofisi moja wilayani Kibondo, ambayo sitaitaja. Kwa wakati huo ilikuwa imepata dishi la setilaiti, na wakubwa wakaamua kwamba mafaili yote ya takwimu yakae kwenye seva ya Dar es Salaam, nasi tuyafungue kutoka huku kana kwamba yako kwenye kabati letu. Mfumo haukuwa NFS, ila ulitoka katika ukoo uleule wa kuficha umbali. Setilaiti za namna hiyo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali hupanda na kushuka, jibu hupanda na kushuka, na hata kwa mwendo wa nuru safari hiyo hula karibu nusu sekunde. Ikiwa kufungua faili moja kunahitaji maswali na majibu 100, ndizo sekunde 50, na hakuna fedha ya kununua nuru iendayo kasi zaidi. Tulipolalamika tuliambiwa njia itapanuliwa. Ikapanuliwa, na maswali yakabaki 100.

Kuchelewa tulikuzoea. Siku moja dada mmoja, karani wa takwimu za kliniki, alikuwa akihifadhi jedwali la watoto waliochanjwa mwezi ule. Wingu likatanda, mawasiliano yakakatika katikati ya kuandika. Skrini iliganda, kisha ikaendelea bila neno la onyo. Kesho yake faili lilifunguka vizuri, lina kichwa chake na safu zake, ila vijiji vya nusu ya pili havimo. Aliyeko Dar es Salaam akajumlisha alichokiona na kuagiza dozi kwa hesabu hiyo. Siku ya kliniki ilipofika, kina mama waliotembea tangu alfajiri na watoto mgongoni waliambiwa chanjo zimekwisha, warudi wiki nyingine. Hakuna aliyewaambia kwamba sababu ni biti zilizokatika chini ya wingu. Wao waliona tu kwamba serikali na wafadhili hawajui kuhesabu watoto wao.

Mzee mmoja aliyekuwa mwendeshaji wa simu ya upepo katika ofisi ile alimwuliza yule dada swali ambalo naona linatosha kuwa uhakiki kamili. “Mwanangu,” alisema, “mimi nikimaliza kusoma namba, mwenzangu hunisomea tena. Hicho chombo chenu humsomea nani?”

“Hakisomi kwa mtu, mzee. Kinasema tu kimehifadhi.”

“Basi kimejihifadhia chenyewe.”

Jambo la kufurahisha ni kwamba mzee huyu hakuwa peke yake. Mwezi Novemba 1994, ndani ya kampuni ileile ya Sun, Jim Waldo na wenzake watatu waliandika makala ya kupinga wazo la kukifanya kitu cha mbali kifanane na cha karibu. Walisema tofauti ya muda, na hasa tofauti ya namna vitu vinavyoharibika, haifichiki. Kitu cha mezani kikiharibika chote huharibika pamoja na wewe unajua. Kitu cha mbali huweza kuharibika nusu, na aliyebaki asijue nusu ipi. Mfano waliouchukua ulikuwa NFS na zile njia zake mbili, ngumu na laini. Katika miaka hiyohiyo Peter Deutsch, naye akiwa Sun, aliorodhesha dhana potofu za watunzi wa mitandao, miongoni mwake ikiwa dhana kwamba mtandao ni wa kuaminika na kwamba safari haina muda. Kwa hiyo tusiseme kwamba kosa halikuonekana. Lilionekana na wenye nyumba wenyewe, likaandikwa kwa lugha nyepesi, na wauzaji wa mifumo wakaendelea kuahidi kabati la Dar es Salaam ndani ya chumba cha Kibondo.

Kinyume cha ukoo huo uko ukoo wa pili, ambao mimi nauita ukoo wa tarishi mwaminifu. Huu hauigizi ukaribu. Unakubali kwamba kuna safari, unafunga mzigo, unauandikia anwani, unauhifadhi mpaka njia ifunguke, kisha unaupeleka na kuleta risiti. Fidonet, iliyoanzishwa na Tom Jennings mwaka 1984, ilikuwa ya ukoo huu, na katika Afrika Mashariki ilitumika kabla intaneti kamili haijafika. Kompyuta ilipiga simu, ikabadilishana mifuko ya barua, ikakata. Itifaki ya Zmodem, iliyotungwa na Chuck Forsberg mwaka 1986, iliuwezesha mzigo uliokatika njiani kuendelea pale ulipoishia. Ni sawa na msomaji aliyeweka alama kwenye kitabu chake kabla taa haijazimika.

Madaktari nao walikuwa na tarishi wao angani. Shirika la SatelLife la Boston, lililoanzishwa na daktari Bernard Lown, lilirushiwa setilaiti ndogo ya HealthSat-2 mwezi Septemba 1993. Haikukaa mbali kama zile za ikweta. Ilizunguka chini, ikapita juu ya kila kituo mara chache kwa siku. Ilipopita ilipokea barua na kuzibeba tumboni mwake mpaka ilipopita juu ya kituo kingine. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizohudumiwa na mtandao huo wa madaktari. Hakuna aliyefungua faili kwa mbali kupitia HealthSat, na hakuna aliyeahidiwa kwamba angeweza.

Kwenye simu ya upepo yenyewe, wapenzi wa redio wa Ujerumani walitoa mwanzoni mwa miaka ya 1990 itifaki ya PACTOR, iendayo kwa mipigo 100 au 200 kwa sekunde. Hiyo ni chini ya modemu yetu ya 9,600 mara 48 au zaidi. Hata hivyo ilifika. Kila kifurushi kilingoja kukiriwa kabla kingine hakijatumwa. Kikifika kimechakaa hakikutupwa. Nakala chakavu ziliwekwa, zikajumlishwa na zilizofuata, mpaka ikapatikana moja iliyo nzima. Linganisha na NFS iliyotupa vipande vinane vizima kwa ajili ya kimoja kilichopotea. Mashirika ya misaada yaliutegemea ukoo huu katika vituo vya porini, na Mpango wa Chakula Duniani ulikuwa na mfumo wake wa barua za redio ulioitwa DFMS. Laini ilikuwa mbovu kuliko zote, ila anayeituma barua alijua ama imekwenda ama bado iko mkononi mwake.

Nisije nikaonekana namsifu tarishi kupita kiasi. Naye ana dosari. Ukimpelekea mtu nakala naye akaibadilisha, nawe ukabaki na yako ukaibadilisha, mwisho wa mwezi mna ukweli wawili. Masjala ya zamani ilitatua jambo hili kwa kuwa na jalada moja tu, na kitabu kinachosema liko kwa nani. Tarishi wa kompyuta alihitaji kitu cha namna hiyo, au angalau ujasiri wa kusema: nakala hizi mbili zinapingana, keti uamue.

Wako waliolishughulikia. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Satyanarayanan na wenzake walianza mwaka 1987 kutengeneza mfumo wa Coda, ambao huweka akiba ya mafaili kwenye mashine ya mtumiaji kama mkulima anavyojaza kihenge kabla ya njaa. Mawasiliano yakikatika mtu anaendelea na kazi; yakirudi, mabadiliko yanapelekwa, na penye mgongano mwenyewe anaitwa. Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia walitoa rsync, ambayo hulinganisha faili la huku na la kule kwa hesabu fupi na kusafirisha tofauti peke yake. Ukibadilisha mstari mmoja katika jedwali la kurasa 100, laini haibebi kurasa 100. Na NFS yenyewe ilijifunza. Kufikia mwaka 1990 Rick Macklem alikuwa ameipitisha juu ya TCP, itifaki inayopima mwendo wa laini na kungoja kwa kadiri yake. Toleo la tatu la mwaka 1995 lilipunguza gharama ya kuandika. Toleo la nne, lililochapishwa kwanza mwaka 2000, liliruhusu maombi kadhaa kufungwa katika mzigo mmoja, na likampa karani kitabu alichokikosa tangu mwanzo. Mtunzi anayeikubali hoja ya wahakiki wake na kuiandika upya kazi yake anastahili heshima.

Huenda mtu akaniambia kwamba haya yote ni historia. Mkonga wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, wa EASSy ukafuata mwaka 2010, na leo kijana wa Kibondo anatazama mpira kwenye simu. Ni kweli, nami nafurahi. Lakini ukoo wa kuficha umbali haujafa, umebadilisha nguo. Siku hizi anayeugua nao ni mhudumu wa zahanati mwenye fomu iliyofunguliwa ndani ya kivinjari, inayouliza seva ya mbali kila anapohama kisanduku, na ambayo ishara ya simu ikiyumba inamrudisha ukurasa mtupu. Laini ni pana mara elfu kuliko ya 9,600, na bado akina mama wanangoja kwenye benchi. Kwa upande mwingine, DHIS2, inayotumiwa na wizara yetu ya afya kukusanya takwimu, ina programu ya simu za Android inayomruhusu mtu kuandika bila mtandao, kuweka, na kupeleka baadaye. Huyo ni mjukuu wa tarishi, nami namkaribisha.

Kwa hiyo, kila mfumo mpya unapoletwa katika wilaya zetu, mimi huuliza maswali matatu, na namwachia msomaji naye ayaulize bila kuwaogopa waliovaa tai. Mawasiliano yakikatika katikati ya kazi, kazi iko wapi? Jibu likichelewa, mfumo unangoja kwa adabu au unaizidishia laini mzigo? Na ukisema kwamba umehifadhi, nani upande wa pili amethibitisha? Anayeshindwa swali la kwanza ataliibia taifa muda. Anayeshindwa la pili atauza njia pana kila mwaka bila ya kumfikisha mtu. Anayeshindwa la tatu atawarudisha kina mama nyumbani na watoto wasiochanjwa, na hatajua kamwe kwamba ni yeye.

Umbali wa Kibondo si aibu ya kufichwa. Unaweza kupimwa kwa kilomita na kwa sekunde, na mtunzi anayeuandika wazi ndani ya kazi yake huwapa watu wa huku nafasi ya kuupangia. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Tunachoomba ni kwamba aliyeishika asituambie nyoka amekufa.